Sura ya Sita: Madeleine, na Nyuso Zisizotajwa za Rungwe

Katika maonyesho rasmi ya sanaa ya Paris ya mwaka 1800, ambayo Wafaransa waliyaita Salon na ambayo kwa kiasi kikubwa ndiyo yaliyoamua ni mchoraji gani angepata wateja na ni yupi angesahaulika, ilitundikwa picha ya rangi za mafuta yenye kimo cha sentimita 81 na upana wa sentimita 65, ikimwonyesha mwanamke Mweusi aliyeketi peke yake kwenye kiti cha mikono, mbele ya ukuta usio na pambo lolote. Aliyeichora alikuwa Marie-Guillemine Benoist, mzaliwa wa mwaka 1768, ambaye alifundishwa kwanza na Élisabeth Vigée Le Brun, mchoraji mashuhuri wa malkia, na baadaye na Jacques-Louis David, bingwa wa picha za kihistoria katika zama za Mapinduzi ya Ufaransa. Jina la mchoraji liliandikwa kwenye turubai lenyewe, lakini jina la aliyechorwa halikuandikwa mahali ambapo mtazamaji angeliona, na orodha ya maonyesho ilimtambulisha kwa rangi ya ngozi yake tu. Ilipita zaidi ya karne mbili kabla ya jumba la makumbusho la Orsay, katika maonyesho ya mwaka 2019 yaliyohusu watu Weusi waliochorwa na wasanii wa Ufaransa, kuitundika picha hiyo chini ya jina lake aliyeketi pale, yaani Madeleine, mwanamke aliyetoka kisiwa cha Guadeloupe katika bahari ya Karibi na aliyekuwa mtumishi katika familia ya shemeji wa mchoraji.

Kitabu kinachohusu Tukuyu na wilaya ya Rungwe kina sababu ya kuanzia mbali kiasi hicho. Wanawake wa kwanza wa Rungwe ambao sura zao zilinaswa na kuhifadhiwa hawakukalia kiti cha mchoraji wa Kifaransa, kwani walisimama mbele ya kamera za Wajerumani, karibu miaka 100 baada ya Madeleine. Hata hivyo lililompata Madeleine, yaani uso kuhifadhiwa kwa uangalifu mkubwa huku jina likiachwa lipotee, liliwapata nao, na historia ya picha yake, ambayo imechunguzwa kuliko yao, inasaidia kuona ni wapi hasa upotevu huo unatokea.

Madeleine ameketi akiwa ameuelekeza mwili wake pembeni na kuugeuzia uso wake mtazamaji, macho yake yakimtazama moja kwa moja anayemtazama. Kichwani amefunga kilemba cheupe kilichokunjwa kwa ustadi, sikioni ana hereni ndogo ya dhahabu, na vazi lake jeupe limeshuka hadi likaacha titi moja wazi, huku utepe mwekundu ukizunguka kiuno na kitambaa cha buluu kikiwa kimetandazwa juu ya kiti. Wapo wataalamu wanaoona katika buluu, nyeupe na nyekundu hizo bendera ya jamhuri ya Wafaransa, ambayo mwaka 1794 ilikuwa imefuta utumwa katika makoloni yake, na wanalisoma titi lililo wazi kama ishara ya Uhuru, ambao wasanii wa zama hizo walizoea kuuchora katika umbo la mwanamke. Tafsiri hiyo ina nguvu, ila inaruka jambo ambalo mtazamaji wa mwaka 1800 asingeliruka: mke wa mfanyabiashara au wa ofisa aliyelipia picha yake asingekubali kuonyeshwa hadharani katika hali hiyo, na hakuna mchoraji ambaye angethubutu kumwomba. Kama Madeleine aliombwa, aliamriwa au alilipwa, picha haisemi. Mwaka 1802 Napoleon alirudisha utumwa katika makoloni, Guadeloupe ikiwemo, na utumwa huo haukufutwa tena hadi mwaka 1848. Mwaka 1818 picha ilinunuliwa kwa ajili ya makusanyo ya taifa katika utawala wa mfalme Louis wa 18, na hadi leo ni mali ya jumba la Louvre.

Ufundi wa Benoist unastahili kuangaliwa kwa karibu, kwa sababu ndio unaoifanya picha hii iwe ya mtu na isiwe ya kundi. Shule za uchoraji za Ulaya ziliwafundisha wanafunzi kuchora ngozi nyeupe, kwa kanuni zilizokubalika za kuchanganya rangi za shavu, kivuli cha shingo na mng'ao wa bega, na mchoraji aliyetaka kuchora ngozi nyeusi alilazimika kwa sehemu kubwa kujitafutia njia. Benoist alijenga ngozi ya Madeleine kwa tabaka za rangi ya kahawia zinazotofautiana, akaweka mwanga kwenye mfupa wa mtulinga, kwenye paji la uso na kwenye ncha ya bega, kisha akauacha ukuta wa nyuma uwe mwepesi ili uso ujitokeze wenyewe bila kusaidiwa na mapambo. Kazi ya namna hiyo haikamiliki kwa kumtazama mtu mara moja, na kwa hiyo wanawake hao wawili walikaa chumba kimoja kwa muda wa kutosha, mmoja akitazama na mwingine akitazamwa. Benoist mwenyewe hakuachiwa uwanja wake kwa muda mrefu, kwani mumewe alipopewa wadhifa wa juu serikalini baada ya ufalme kurudishwa mwaka 1814, ilionekana si heshima kwa mke wa mtu wa cheo hicho kuonyesha kazi zake hadharani, naye akaacha kushiriki maonyesho.

Miaka sitini hivi baada ya picha ya Madeleine, Édouard Manet alimchora mwanamke mwingine Mweusi wa Paris, Laure, ambaye ndiye pia mtumishi anayeleta maua katika picha yake maarufu ya Olympia, iliyochorwa mwaka 1863 na kuonyeshwa mwaka 1865. Jina la Laure halikupotea kabisa, kwa sababu Manet aliliandika katika daftari lake pamoja na anwani ya mahali alipoishi, lakini daftari ni kitu cha faragha, na umma uliendelea kumtaja kama mtumishi wa picha ile kwa zaidi ya miaka mia moja. Maelezo yanayobandikwa kando ya picha, ambayo wageni wengi wa makumbusho huyasoma kabla hata ya kuitazama, yana nguvu kuliko daftari la msanii.

Katika ulimwengu wa Waswahili, picha iliyo karibu zaidi na zile za Paris ni ya Jumbe Fatima, malkia wa kisiwa cha Mwali katika Komoro. Alirithi kiti mwaka 1842 akiwa mtoto, akalelewa kwa sehemu na mlezi wa Kifaransa, akatawazwa rasmi mwaka 1849 katika wakati ambao Wafaransa na watawala wa Zanzibar walikuwa wakigombea ushawishi juu ya kisiwa chake. Msafiri Mfaransa Désiré Charnay, mmoja wa watu wa mwanzo kubeba kamera katika safari ndefu, alifika Mwali mwaka 1863, akampiga picha malkia huyo, na habari za safari yake zikachapishwa Paris pamoja na michoro ya wachongaji walioifuata kazi yake. Kwa Fatima hapakuwa na swali la jina, kwa kuwa alikuwa na kiti cha enzi, na mwenye kiti cha enzi hutajwa. Hali ilikuwa hiyo hiyo kwa Sayyida Salme, binti wa Sultani Said wa Zanzibar, aliyejulikana baadaye kama Emily Ruete, ambaye alipigwa picha studioni Hamburg akiwa amevaa mavazi ya kwao. Yeye hata aliandika kumbukumbu za maisha yake, zilizochapishwa Ujerumani mwaka 1886, na hivyo uso, jina na maneno yake vikabaki pamoja. Bahati hiyo ilikuwa adimu mno kwa mwanamke wa Afrika Mashariki wa karne ya 19, na haikuwafikia wanawake waliolima chini ya Mlima Rungwe.

Wageni wa Ulaya walianza kupita katika nchi ya Wanyakyusa mwishoni mwa miaka ya 1870, akiwemo Joseph Thomson aliyeisifu kwa migomba yake, usafi wa vijiji vyake na nyumba zake za mianzi. Mwaka 1891 Wamoravian, kanisa la Kiprotestanti ambalo makao yake makuu ya Ujerumani yalikuwa katika mji mdogo wa Herrnhut, walianzisha kituo cha Rungwe, na mwaka huo huo wamisionari wa shirika la Berlin walianza kazi katika nchi hiyo hiyo ya Wanyakyusa. Serikali ya kikoloni iliweka kituo chake kwanza kando ya Ziwa Nyasa, mahali ilipopaita Langenburg, kabla ya kupanda mlimani na kujenga Neu-Langenburg, ambayo ndiyo Tukuyu ya leo. Kamera ilikuja pamoja na watu hao wa aina mbili, wa serikali na wa misheni, na kila upande uliitumia kwa shabaha yake.

Upande wa serikali aliyeacha alama kubwa zaidi ni Friedrich Fülleborn, daktari wa jeshi aliyefanya kazi katika eneo la Ziwa Nyasa na milima yake katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, na ambaye mwaka 1906 alichapisha kitabu kinene kuhusu nchi na watu wa maeneo ya Nyasa na Ruvuma, kikiambatana na atlasi ya picha. Fülleborn alikuwa mfuasi wa anthropometria, yaani taaluma iliyodai kwamba kwa kupima fuvu, pua, urefu na sehemu nyingine za mwili inawezekana kuyapanga makabila ya wanadamu katika ngazi na aina, dai ambalo sayansi ililitupilia mbali baadaye. Kwa taaluma hiyo mtu alipigwa picha mbili, moja ya mbele na nyingine ya ubavuni, na inafaa kukumbuka kwamba katika miaka ya 1880 mtindo huo huo ulikuwa umewekwa katika utaratibu maalumu na Mfaransa Alphonse Bertillon wa polisi ya Paris, kwa ajili ya kuwatambua wahalifu. Tofauti ni kwamba Bertillon alilihitaji jina la mshukiwa, kwa kuwa faili lisilo na jina lisingemsaidia askari yeyote, ilhali daktari wa anthropometria hakulihitaji, kwa kuwa alichokitafuta kwenye uso ule hakikuwa mtu bali mfano wa kabila. Mafuvu ya watu wa eneo hilo nayo yalichukuliwa na kupelekwa Berlin, na hilo linaonyesha mpaka kati ya kumpiga mtu picha na kumkusanya ulivyokuwa mwembamba. Katika hesabu hiyo Madeleine, pamoja na udhalilishaji wote wa picha yake, alipewa kitu ambacho wanawake wa Fülleborn hawakupewa, nacho ni mchoraji aliyetaka kujua mwanga unaangukaje kwenye bega la mtu huyu na si la mwingine.

Picha za wamisionari ni nyingi zaidi na zina upole zaidi, ingawa nazo zina kazi yake, ambayo ni kuwaonyesha wafadhili wa Ujerumani kwamba fedha zao zinazaa matunda. Humo wanaonekana wanawake wenye mizigo kichwani, wanawake mbele ya nyumba za mianzi, wasichana wa shule waliopangwa mstari, na waumini waliovaa nguo nyeupe za kanisani. Nguo hizo nyeupe zilileta tatizo la kiufundi ambalo halizungumzwi vya kutosha. Vioo vya picha vya zama hizo, yaani vipande vya kioo vilivyopakwa dawa inayohisi mwanga, viliitikia zaidi mwanga wa buluu na havikuitikia vizuri rangi nyekundu na kahawia, hivyo ngozi ya Mwafrika ilitoka kwenye picha ikiwa nyeusi kuliko ilivyo, na mpiga picha aliyepima muda wa mwanga kwa kuangalia gauni jeupe aliupoteza uso ndani ya giza. Mahali kama Rungwe, ambako katika sehemu nyingi mvua huzidi milimita 2,000 kwa mwaka, mawingu hukaa kutwa na kivuli cha migomba kipo kila upande, kosa hilo lilikuwa rahisi kutokea. Wapo wanawake katika picha hizo ambao mikunjo ya magauni yao inahesabika, lakini macho yao hayaonekani. Tatizo hilo ndilo Benoist aliyekuwa na muda, rangi na ukuta mwepesi wa nyuma alilitatua kwa mkono.

Maelezo yaliyoandikwa na wamisionari chini ya picha hizo mara nyingi hutaja kabila, kazi inayofanyika au kituo, kwa mfano kwamba hao ni wanawake wa Konde, jina ambalo Wajerumani waliwaita Wanyakyusa, au kwamba hao ni wanawake wanaotwanga. Machifu hutajwa majina, na hata walimu na wasaidizi wa kanisa wanaume hutajwa mara kwa mara. Mwanamke hutajwa jina hasa anapokuwa ameingia katika hadithi ambayo misheni ilitaka kuisimulia.

Hadithi hizo kwa upande wa wanawake ndizo urithi mkubwa zaidi, na zilitokana na desturi ya Wamoravian ambayo wasomaji wengi nje ya kanisa hilo hawaijui. Tangu karne ya 18 kila Mmoravian alitarajiwa kuacha simulizi ya maisha yake, iliyoandikwa naye mwenyewe au na jamaa, ili isomwe siku ya mazishi yake. Waliokulia katika desturi hiyo walizoea kuamini kwamba maisha ya mtu wa kawaida, mpishi au mshona viatu, yanastahili kuandikwa tangu kuzaliwa hadi kufa. Elise Kootz-Kretschmer, mke wa mmisionari aliyeishi miaka mingi Utengule karibu na Mbeya ya leo na aliyeandika utafiti mkubwa kuhusu Wasafwa, aliitumia desturi hiyo kwa wanawake waliokimbilia vituo vya misheni vya nyanda za juu za kusini baada ya miaka ya vita na biashara ya watumwa kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika. Aliandika waliyomsimulia, wenye majina yao, na miaka mingi baadaye mwanahistoria Marcia Wright alizitafsiri na kuzichambua simulizi hizo katika kitabu chake cha mwaka 1993 kuhusu mbinu za watumwa na wanawake.

Mmoja wao ni Narwimba, ambaye katika simulizi anaitwa bibi. Mume wake alipouawa alijikuta mjane katika nchi ambamo mwanamke asiye na mwanamume wa kumsemea angeweza kukamatwa na wavamizi au kutolewa kulipia deni la watu wengine, naye akaamua mwenyewe kumwendea jamaa wa marehemu na kumwomba amrithi ili apate ulinzi. Msomaji wa leo anaweza kuhesabu kurithiwa kuwa ni kudhulumiwa, na mara nyingi kulikuwa hivyo, lakini katika kinywa cha Narwimba ni hatua ya mtu aliyepima hatari zilizomzunguka na kuchagua iliyo ndogo. Jamaa zake nao hawakunusurika na mkono wa watekaji, na sehemu kubwa ya simulizi ni habari za mwanamke anayezeeka huku akijaribu kuwashika wajukuu wasiporwe. Hapa mtu ameonekana kwa ukaribu ambao hakuna picha ya Fülleborn iliyoufikia, kwa kuwa anayesimulia ndiye anayeamua kipi kitangulie na kipi kinyamaziwe, japokuwa kalamu ilikuwa mkononi mwa mwingine na lugha ya mwisho ilikuwa Kijerumani.

Katika miaka ya 1930 ulifuata mtazamo wa tatu, wa wanaanthropolojia Godfrey na Monica Wilson, waliofanya utafiti Unyakyusa kati ya mwaka 1934 na 1938, wakisaidiwa na Leonard Mwaisumo, karani na mkalimani wao. Vitabu vya Monica kuhusu Wanyakyusa, cha kwanza kikiwa kile cha mwaka 1951 kuhusu vijiji vya rika, yaani vijiji vilivyojengwa na wanaume wa umri mmoja pamoja na wake zao, vina picha na vina wanawake, lakini mantiki ya mfumo alioueleza iliwafanya wanawake waonekane zaidi kama njia ambayo ng'ombe wa mahari walipita kutoka ukoo hadi ukoo, na ni katika kitabu chake cha mwaka 1977 ndipo alipolirudia kwa upana suala la wanawake na vijana kuishi chini ya mamlaka ya wanaume wazee. Utafiti huo uliwajua watu kwa majina na ukawaficha kwa adabu ya kitaaluma, hoja yenye uzito wake, ingawa matokeo kwa mtafutaji wa bibi yake ni yale yale.

Kwa hiyo eneo hili lina nyuso zisizo na majina upande mmoja na majina yasiyo na nyuso upande mwingine. Jina la Madeleine lilipatikana kwa sababu mtafiti aliacha kuitazama picha peke yake, akapekua kumbukumbu za familia ya mchoraji na za watu waliosafiri kutoka Guadeloupe, hadi makaratasi yaliyokuwa yamekaa mbalimbali yakasomwa kwa pamoja. Kwa Rungwe kazi ya namna hiyo ina mwanzo mzuri kuliko wengi wanavyodhani. Picha nyingi za Wamoravian zimetunzwa katika hifadhi ya nyaraka ya kanisa hilo Herrnhut, na sehemu yake inaweza kutazamwa kwenye mtandao kupitia mkusanyiko wa kimataifa wa picha za wamisionari unaosimamiwa na Chuo Kikuu cha Southern California, nchini Marekani, ambako mtu aliyeko Tukuyu mwenye simu na bando anaweza kuwaona wanawake waliosimama mbele ya kanisa la Rungwe miaka zaidi ya 100 iliyopita. Katika hifadhi hiyo hiyo ya Herrnhut zimo taarifa za kila mwaka za vituo na shajara za wamisionari, ambazo hutaja wanawake waliobatizwa, majina mapya waliyochukua, tarehe na mahali walikotoka. Picha zimeorodheshwa upande wa picha na shajara upande wa maandishi, maelezo ya zote mbili yakiwa kwa Kijerumani, au kwa Kiingereza pale yalipotafsiriwa, na anayetaka kumtambua mwanamke mmoja hulazimika kuanza na mwaka na kituo vilivyoandikwa chini ya picha, kisha afungue shajara ya mwaka huo na kuanza kusoma majina.